Mzimu, mzuka, jini, pepo, kivuli: filamu za kutafsiriwa zinatuchanganyia mambo

#1 Kondakta Mstaafu
Mzuka wanajamvi!

Nilikuwa kwenye basi la Dodoma, likawekwa sinema ya Kikorea iliyotafsiriwa. Mwanamke kauawa, nywele zimemfunika uso, kila usiku anarudi kwenye nyumba aliyofia. Mtafsiri akaanza na "huyu ni mzimu". Mbele kidogo, "jini limetokea". Mara "pepo hilo hapo". Kabla hatujafika Gairo ameshakuwa mzuka na ameshakuwa shetani. Kiumbe ni yuleyule, gauni ni lilelile, majina matano!

Nikaropoka kwa sauti, abiria wakadakia, ubishi ukatufikisha Kibaigwa. Hoja yangu naileta hapa: Kiswahili hakina jina la mtu aliyekufa akarudi kuzurura na kutisha watu asiowajua. Mzimu ni wa ukoo. Jini hajawahi kuwa binadamu. Pepo anampanda mtu kichwani, hatembei koridoni na gauni. Anayepinga aje na ushahidi.

#2 Kijana wa Kimara
Nimeweka kambi. Ngoja waje wenye ujuzi.

#3 Bi Mwana wa Tanga
Mwanangu, jina lipo na umelitumia wewe mwenyewe kutusalimia. Mzuka. Linatokana na kuzuka. Sisi tulikatazwa kupita makaburini magharibi inapoingia, tukaambiwa mtakutana na mzuka. Unazuka, unatisha, unapotea. Hauna ukoo, hautaki sadaka, haumdai mtu chochote. Si ndiyo sifa zote za huyo Mkorea wako?

#4 Kijana wa Kimara
Bi Mwana, shikamoo. Sasa huku kwetu ukisema "nimepata mzuka" maana yake umepata mori, muziki umekukolea au timu yako imekuamsha kwenye kiti. Mtafsiri akisema "mzuka umemjia" nusu ya basi itadhani dada anaenda disko.

#5 Bi Mwana wa Tanga
Marahaba. Kwani mori unakujaje? Si unakuzukia? Neno ni lile, nyinyi mmelihamisha makaburini mkalipeleka ukumbini.

#6 Mjukuu wa Songea
Wakuu, mimi kinachoniuma si mzuka, ni huo mzimu kugeuzwa kitisho. Kwetu Ungonini tunasema mahoka. Babu alikuwa akitambika alfajiri kabla hajasema na mtu. Unga kidogo kwenye kiganja, anaumwaga shinani mwa mti na kutaja majina. Anaanza na aliyekufa karibuni, anamwomba ampelekee salamu aliye juu yake, huyo naye ampelekee wa juu zaidi, mpaka majina yanaisha. Sisi watoto tulikaa nyuma tumenyamaza, lakini hakuna aliyekuwa anatetemeka. Mtu aliogopa kwa jambo moja tu: kusahau jina.

Mtoto akiugua, mvua ikigoma, wazee wanauliza nani amesahauliwa. Mahoka wana madai kwa sababu ni ndugu. Sasa sinema inamweka mzee wangu fungu moja na mwuaji wa usiku. Hili mimi silikubali.

#7 Ustaadhi wa Chake
Assalaam alaykum. Mleta uzi amegusa penyewe ila hakufika mwisho. Aliyekufa yuko barzakhi, anasubiri kufufuliwa, harudi kuzurura. Anayeonekana kwa sura ya marehemu, anayeongea kwa sauti yake na kujua siri zake, ni karini, yule jini aliyekuwa naye tangu kuzaliwa. Ameishi naye maisha yote, atashindwaje kumwigiza? Kwa hiyo mtafsiri aliposema "jini" alipatia. Yale mengine ni makosa.

#8 Mwinjilisti Mbeya
Bwana asifiwe. Hata wafasiri wa Biblia hawakukubaliana, sembuse kijana wa sinema. Fungua Mathayo 14:26, wanafunzi wanamwona Yesu akitembea juu ya bahari, wanapiga yowe. Katika tafsiri ya Union wanasema "Ni kivuli". Katika Habari Njema wanasema ni mzimu. Tukio moja, hofu moja. Binafsi naipenda kivuli. Wale wavuvi hawakuona babu wa mtu pale ziwani, waliona umbo.

#9 Kijana wa Kimara
Kivuli nacho kina kazi nyingi. Bungeni kuna waziri kivuli, na hajafa.

#10 Mwalimu wa Lugha
Naomba niingie taratibu, maana hapa pana utajiri na watu wanaupita tu.

Mzimu una ndugu wengi ndani ya Kiswahili. Wazimu: mtu "ana wazimu", "mwendawazimu". Zamani huo ulikuwa wingi, wazimu wamemwingia kama watu wanavyoingia nyumba. Siku hizi tunasema "wazimu umempanda", tumesahau kwamba walikuwa wengi. Kuzimu: kwenye makao yao. Mzimuni: mahali pao, na Dar mnayo kata nzima ya jina hilo pale Magomeni. Zimwi la hadithi nalo ni wa ukoo huohuo. Wazulu wana izimu, mla watu.

Tena angalieni ngeli. Tunasema mzimu, mizimu kama mti, miti. Waganda nao wanasema omuzimu, emizimu. Lakini Wanyarwanda wanasema umuzimu, abazimu, yaani wamewaacha kwenye ngeli ya watu. Kwa hiyo kwenye pwani yetu mzimu umekuwa pia jina la mahali, pango au mbuyu wenye vitambaa vyekundu na vyeupe na vipande vya chungu cha ubani. Mtu wa Makunduchi akikwambia "naenda mzimuni", haendi kuonana na mtu mwenye nywele usoni.

#11 Mwana wa Goma
Jambo yenu bote. Hapa kwetu Goma tunasema muzimu, na sawa Mwalimu anavyosema, kwa jirani zetu abazimu ni watu. Bibi yangu alikuwa anawawekea bia ya ndizi kidogo katika kibanda kidogo nyuma ya nyumba, anasema nao wazi, hata kuwagombeza: "Mbona munamusumbua mutoto?" Mutu hagombezi mti.

#12 Kondakta Mstaafu
Mwalimu, asante. Na asili ya neno ni kuzima? Maana mtu amezimika kama taa.

#13 Mwalimu wa Lugha
Wengi wanaona hivyo, na ushahidi upo: Kinyarwanda wana kuzima na umuzimu, Kishona wana kudzima na mudzimu. Sauti zinakwenda pamoja lugha hadi lugha.

#14 Mjukuu wa Songea
Mimi sioni hivyo. Mbona hamjaangalia uzima? Mtu mzima, mzima wa afya. Babu asingemtambikia aliyezimika. Alimtambikia aliye mzima mahali pengine.

#15 Mwalimu wa Lugha
Kufanana kwa herufi peke yake hakutoshi, mkuu. Lazima sauti zikubali na kwenye lugha za jirani.

#16 Mjukuu wa Songea
Na maana je, haihesabiki?

#17 Mpemba wa Kinondoni
Mnabishania herufi wakati wengine tulilala nje. Mwaka 1995, mwezi wa Ramadhani, popobawa, yule wa bawa la popo aliyesemekana kuvamia watu usingizini. Alianzia Pemba akavuka Unguja. Mimi nilikuwa mtoto. Nakumbuka mikeka imetandazwa uwanjani, moto katikati, wanaume wazima wamekaa wameegemeana migongo ili pasiwe na mgongo ulio wazi. Ilisemekana ukimficha, yaani usiposema asubuhi kwamba amekujia, anarudi. Kwa hiyo watu walisema. Watu wa heshima zao walisimama barazani wakasema mambo ambayo Mpemba hayasemi mbele ya mkwewe.

Mjini Unguja mtu mmoja aliuawa na umati kwa kudhaniwa ndiye. Alikuwa mgonjwa wa akili. Hili halisimuliwi sana, wanasimulia bawa tu.

Sasa nyinyi wenye majina, huyo ni nani? Si mzimu, hana ukoo. Si marehemu. Wazee wengine walisema ni jini aliyefugwa akamponyoka mfugaji.

#18 Kijiwe Nungwi
Siasa hiyo. Alionekana 1965, mwaka mmoja baada ya Mapinduzi. Akaonekana 1972, mwaka aliouawa Mzee Karume. Akaja 1995, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi. Kila visiwa vinapotikisika, popobawa huyo.

#19 Mpemba wa Kinondoni
Ramadhani ya mwaka ule ilianza Februari, uchaguzi ulikuwa Oktoba. Na mwaka 2007 alisikika hapahapa Dar, hapakuwa na uchaguzi wowote. Hesabu yako ina matundu.

#20 Kijiwe Nungwi
Joto la uchaguzi halianzi siku ya kupiga kura, kaka.

#21 Nesi wa Zamu ya Usiku
Samahani nachelewa, nimetoka zamu sasa hivi. Aliyekuja Pemba usiku na kumkandamiza mtu kifuani namjua kwa jina la jinamizi, na wodini namsikia karibu kila wiki kutoka kwa wagonjwa na hata kwa wafanyakazi wenzangu.

Unapoota, ubongo unaifungia misuli yako ili usiinuke ukatenda unachokiota. Macho na pumzi tu ndivyo vinabaki. Mara nyingine akili inaamka kabla misuli haijafunguliwa. Unaona chumba, unasikia mlango, huwezi kunyanyua hata kidole, pumzi inakuwa fupi unahisi mtu amekukalia. Na kwa sababu ndoto haijakatika, unamwona huyo mtu. Humtokea zaidi anayelala chali na aliyekosa usingizi mfululizo. Waarabu wanamwita jathumu, naye huwakalia watu vifuani vilevile.

Watu wanaokesha nje kwa hofu, kisha wanalala chali kwenye mkeka alfajiri wamechoka... mnategemea nini?

#22 Ustaadhi wa Chake
Dada, umeeleza mlango unavyofunguka. Hujaeleza aliyeingia.

#23 Nesi wa Zamu ya Usiku
Nimeeleza kwamba hapakuingia mtu, Ustaadhi.

#24 Mpemba wa Kinondoni
Nesi, jinamizi namjua, amenikaba ukubwani. Haachi michubuko. Kuna watu asubuhi ile walikuwa na michubuko.

#25 Mtaita wa Voi
Habari zenu kutoka huku Kenya. Nyinyi mna popo, sisi tulikuwa na simba. Mwaka 1898, reli ilipokuwa inajengwa pale mto Tsavo, simba wawili wasio na manyoya shingoni waliwavuta vibarua kutoka ndani ya mahema usiku. Vibarua Wahindi na Waafrika wakasema hawa si simba ni mashetani, wengine walisema ni roho za wakubwa wa zamani zinazopinga reli kupita kwenye ardhi yao. Kazi ikasimama. Walikula watu 135.

#26 Kondakta Mstaafu
135? Hiyo chai ya saa nne.

#27 Mkaguzi
Hiyo 135 ni ya Patterson, mhandisi aliyewaua wale simba Desemba 1898. Hesabu ya mwanzo ilitaja Wahindi 28 wa reli, na Waafrika hawakuandikwa sawasawa. Ngozi ziliuzwa kwa makumbusho ya Field kule Chicago, simba wapo pale hadi leo. Wanasayansi walipima nywele na mifupa yao, mwaka 2009 wakakadiria yapata watu 35.

#28 Mtaita wa Voi
Asante kwa data. Hata 35 ukiwa kibarua kwenye hema la turubai ni shetani tosha.

#29 Mkilifi
Tukiwa Kenya bado, mimi ni Mgiriama. Mjukuu wa Songea amesema mzee wake kageuzwa kitisho. Wetu waligeuzwa mapambo. Kwetu mzee wa chama cha Gohu akifa anachongewa kigango, nguzo ya mti yenye kichwa na nakshi za pembetatu, inasimikwa. Asiyekuwa wa Gohu anawekewa koma, kifupi zaidi. Kigango kikishasimikwa hakisogezwi. Familia ikihama wao wanahama, kigango kinabaki pale mpaka mchwa wamalize kazi yao. Akiwa amesimama pale, mzee yupo.

Kuanzia miaka ya sabini na themanini viling'olewa usiku na vijana wasio na kazi, vikauzwa kwa wafanyabiashara wa vitu vya kale, vikaishia kwenye sebule na makumbusho ya Marekani. Wenyewe nyumbani wanaona ukame, maradhi, vifo, wanajua sababu. Makumbusho moja ya Denver yalirudisha vigango 30 mwaka 2019. Vimefika Nairobi, sawa, lakini kila kimoja kina boma lake na mzee wake, na wengi hawakuandikwa walipong'olewa. Mzimu wa ukoo hauwezi kukaa kabatini na namba.

Kondakta, kwa hiyo wewe unatafuta marehemu anayezurura kwa watu asiowajua. Hao hapo. Walizurura kwa kuibiwa.

#30 Mjukuu wa Songea
Nakazia #29. Hii ndiyo hoja ya uzi mzima.

#31 Mkaguzi
Niongeze mwingine ambaye hamjamtaja, na mimi ndiye niliyekutana naye uso kwa uso, kwenye karatasi. Mfanyakazi hewa.

Machi 2016 Rais Magufuli aliwapa wakuu wa mikoa siku 15 wawasake. Aprili mkuu wa mkoa wa Shinyanga akatenguliwa baada ya kusema mkoa wake hauna hata mmoja, uhakiki ukawapata 45. Kufika Mei nchi nzima walikuwa wamezidi 10,000.

Watu wanadhani hewa ni majina ya kubuni. Wachache. Wengi ni marehemu, wastaafu na walioacha kazi. Mwalimu amefariki, mazishi yamefanyika, rambirambi ya ofisi imetolewa na daftari la michango lipo. Ila barua ya kumwondoa kwenye mfumo wa mishahara haikutoka. Cheki namba yake inaendelea, kila mwisho wa mwezi fedha inaingia benki, na kadi ya benki iko mfukoni mwa mtu. Kwenye halmashauri moja nilikuta marehemu amepandishwa daraja. Nilienda kijijini kwake kuhakiki. Mjane alinionyesha kaburi, limesakafiwa vizuri, akaniuliza kama nimeleta mirathi. Mirathi hakuwahi kulipwa, kwa sababu kwenye mafaili mumewe hakuwa amekufa.

Sitaki mtu alichukulie hili kwa wepesi. Yule mama alikuwa anauza maandazi.

#32 Bi Mwana wa Tanga
Inna lillahi. Na wakamwita hewa.

#33 Mwana wa Goma
Lakini kwa nini "hewa"? Kwa nini si muzimu?

#34 Mkaguzi
Kwa sababu ukimshika hakuna kitu, mkononi unabaki na upepo. Kuna wanafunzi hewa, wapiga kura hewa, miradi hewa. Kiswahili cha serikali hakikutaka kuingia mzimuni.

#35 Mwalimu wa Lugha
Ingawa pepo na upepo nao wana uhusiano wa karibu sana. Pepo ni wingi wa upepo, pepo za kusi na za kaskazi. Kwa hiyo "hewa" huenda haikwenda mbali na kwao.

#36 Kijana wa Kimara
Na yule anayekuchumbia miezi kadhaa, mmezungumza hadi majina ya watoto, halafu siku moja kimya? Ujumbe unaonekana umesomwa, simu inaita tu. Wazungu wanamwita mzimu huyo.

#37 Mtaita wa Voi
Huyo ameingia mitini.

#38 Kondakta Mstaafu
Amekula kona. Asitafutiwe kitambaa chekundu.

#39 Sauti ya Kibanda
Wakuu, mimi ni mmoja wa hao watafsiri mnaowasema, nimetumiwa huu uzi. Sikilizeni kazi yetu ilivyo. Hakuna maandishi. Unaangalia filamu mara moja ukibahatika, unavaa vipaza sauti vya masikioni, unaanza kusema mwanzo hadi mwisho, makosa yakiwemo. Unasimulia, unaigiza sauti zote, unatia na maneno ya kuchekesha. Ukirudia neno moja saa mbili nzima mtazamaji analala. Ndiyo maana anabadilika jina.

Lakini nikwambieni ninachokiona kwenye vibanda vya kuonyeshea filamu. Nikisema "mzimu", watu wa bara wanatulia, wanasubiri kujua amekosewa nini. Nikisema "jini", vibanda vya Mbagala na Temeke vinalipuka. Nikisema "pepo", mama mmoja ataanza kukemea kwa jina la Yesu. Kwa hiyo nachagua kulingana na ninachotaka watu wafanye.

#40 Ustaadhi wa Chake
Ushuhuda mzuri. Watu wa pwani wanalipuka kwa sababu wanajua ni nani.

#41 Mwinjilisti Mbeya
Na yule mama naye anajua.

#42 Muuza Ubani Darajani
Nimesoma yote kimya. Kondakta ametaka ushahidi wa mtu aliyekufa kisha akaja kwa watu asiowajua. Nendeni kwenye ngoma ya kibuki hapa mjini Unguja. Pepo wa kibuki ni wageni wa Bukini, yaani Madagaska, wamepitia Ngazija wakafika kwetu. Wakubwa wao ni wafalme wa Wasakalava, watu waliotawala, wakafa na kuzikwa Madagaska. Wana majina, wana adabu zao. Akipanda, kiti wake, yaani yule anayepandwa, anapakwa udongo mweupe usoni, anafungwa kitambaa, sahani yenye maji na sarafu ya fedha inawekwa mbele, asali na brandi vinaletwa. Brandi, kwa mwanamke ambaye akishuka pepo hanusi hata kizibo. Anaamkia watu kwa lugha ambayo yeye hakuisoma. Nimewauzia ubani na nimekaa pembeni nikaona.

Mfalme huyo si babu wa mtu yeyote pale ukumbini. Ni maiti, ni mgeni, na amerudi.

#43 Ustaadhi wa Chake
Ni jini aliyejipa jina la mfalme.

#44 Muuza Ubani Darajani
Ustaadhi, nakuheshimu. Ila ukimwambia hivyo kilingeni akiwa kapanda, atakuuliza wewe jina lako umepewa na nani.

#45 Nesi wa Zamu ya Usiku
Na yule mwanamke asubuhi anakumbuka nini? Nauliza kikazi.

#46 Muuza Ubani Darajani
Wengi wanasema hawakumbuki kitu. Anaumwa mabega na anaomba chai.

#47 Kondakta Mstaafu
Mmenipa mzuka, kivuli, karini, mfalme wa Bukini na mwalimu anayelipwa mshahara. Hoja yangu nimeishika bado: hakuna hata mmoja hapo anayezurura mwenyewe. Kila mmoja ana mwenyeji, au ana kiti, au ana kadi ya benki. Wiki ijayo napanda basi la Tanga, nitamuuliza Bi Mwana ana kwa ana kuhusu huo mzuka wa makaburini, kama kuna aliyewahi kuutambua kwa jina.

#48 Bi Mwana wa Tanga
Karibu mwanangu. Ila ukishafika stendi nipigie nije kukupokea, usikate njia ya makaburini peke yako. Na hamjasema lolote kuhusu ndondocha, yule anayelimishwa usiku na bwana wake. Huyo kafa au hajafa?

#49 Mwinjilisti Mbeya
Msukule hajafa. Kuna watu wamerudi.

#50 Mkaguzi
Mwinjilisti, waliorudi waliingizwa tena kwenye mfumo wa mishahara? Nauliza kwa sababu nina faili moja hapa.